Allidina Visram: Tajiri wa maduka zaidi ya 100 na wapagazi wa Mgunda Mkali

Ukitoka Manyoni kwenda Itigi hadi Tabora, iwe kwa basi au treni, unakatiza nchi ambayo wapagazi wa karne ya 19 waliiogopa kweli. Waliiita Mgunda Mkali. Pori la siku kadhaa, maji ya kubahatisha, na kila mtu ana mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani. Ukiongeza mkeka wake, sufuria na chakula, unapata picha.

Kwenye mizigo hiyo kulikuwa na merikani, shanga na waya wa shaba. Kwa lugha ya leo tungesema ni stoku ya duka. Na mmoja wa matajiri waliokuwa wakiingiza stoku hiyo bara ni Allidina Visram.

Kama hujawahi kusikia jina hilo, si ajabu. Mombasa wanalijua kwa sababu ya shule. Huku kwetu halitajwi kabisa. Lakini kila tunapobishana kuhusu supamaketi, mishahara ya vijana wa dukani na hatima ya duka la Mangi, tunarudia mambo ambayo yalishakuwepo enzi zake.

Kijana wa dukani

Visram alizaliwa Kera, eneo la Kutch nchini India, kwenye familia ya Waismailia. Alivuka bahari akiwa bado mdogo, mfukoni hana kitu, akapata kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo. Ndiyo, huyo huyo ambaye jina lake liko kwenye jengo la Sewahaji pale Muhimbili.

Sewa Haji alikuwa na biashara mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni kuuza bidhaa kwa misafara na kununua pembe za ndovu zinazotoka bara. Ya pili ni kutafutia wateja wapagazi. Mmisionari, mpelelezi wa Kizungu, baadaye hata Wajerumani, wote walihitaji mtu wa kuwakusanyia mamia ya watu wa kubeba. Kwa hiyo kijana Visram alijifunza kazi mahali ambapo kitambaa na mgongo wa mtu vilihesabiwa kwenye daftari moja.

Sewa Haji alifariki 1897. Visram aliendeleza njia zake za biashara, akiwa na matawi kuelekea Tabora na Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani.

Waliobeba

Hapa nisimame kidogo, maana simulizi nyingi za Visram hupita haraka sehemu hii.

Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Hawakuwa watumwa. Wengi walikuwa vibarua wa mkataba, na kwao safari ya pwani ilikuwa heshima. Walijua thamani yao. Posho ikicheleweshwa, waligoma. Mzigo ukizidi, waliutua chini. Wengine walitoroka usiku, na msafara ukabaki na mizigo isiyo na wabebaji katikati ya pori. Ugogo kulikuwa na hongo ya kulipia njia, na mbele yake ndiyo hiyo Mgunda Mkali, ambako aliyeugua au kuishiwa nguvu mara nyingi aliachwa. Mwenye duka alikuwa mbali, na hasara ya mtu mmoja haikufika kwake kama ilivyofika nyumbani kwa marehemu.

Halafu reli ikaja. Reli ya Kati ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Ndani ya miaka michache kazi ya upagazi wa masafa marefu kwenye njia hii ikafa. Hakukuwa na kiinua mgongo. Vijana wengi wa bara wakaishia kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge.

Visram yeye hakuathirika, kwa sababu alishaiona reli mapema. Waingereza walipoanza kujenga reli yao kutoka Mombasa mwaka 1896, alifungua maduka kuifuata. Mwaka 1898 alikuwa Kampala. Baadaye akaingia kwenye pamba, akawa na viwanda vya kuichambua, vya kukamua mafuta na vya sabuni. Maduka yake yalipita 100, kutoka pwani hadi Uganda na mpakani mwa Congo. Sehemu zisizo na benki, duka lake ndilo lilikuwa benki. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Alitoa pia fedha kwa misikiti, makanisa na hospitali, na hilo wengi walimkumbuka nalo.

Mali kauli

Siri ya ukubwa wake haikuwa bei. Ilikuwa mali kauli.

Aliwaleta vijana kutoka India, wengi Waismailia wenzake, wakafanya kazi ya ukarani kwake. Maisha yalikuwa magumu: kulala nyuma ya duka, kufungua alfajiri, kula kwa kubana. Lakini mbele kulikuwa na ngazi. Karani akishaaminika alipewa bidhaa bila kulipa, akaenda kufungua duka lake mahali pengine, akilipa kadiri anavyouza. Hivyo mtandao ulikua bila Visram kuajiri kila mtu.

Mwafrika alikuwa wapi kwenye ngazi hiyo? Alibeba, alipima, alifagia, alinunua na kuuza mazao yake. Mali kauli ya kufungua duka kubwa haikumfikia. Na baadaye Waingereza wakalifanya jambo hilo kuwa sheria. Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika mwaka 1923, ikakazwa 1931: mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika, isipokuwa kwa idhini ya ofisa wa serikali. Walisema ni kuwalinda wasinyonywe. Matokeo yake, Mnyaturu au Mnyiramba aliyetaka kufungua duka alitakiwa awe na fedha taslimu, kitu ambacho Visram mwenyewe hakuwa nacho alipoanza.

Visram alifariki 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inaendelea. Biashara ikaenda kwa mwanawe, Abdulrasul, ambaye naye alifariki 1923. Kampuni haikudumu. Madeni ya mali kauli yalikuwa yametawanyika kwenye maduka mengi. Kilichobaki wazi mpaka leo ni Shule ya Sekondari ya Allidina Visram, Mombasa.

Sasa linganisha na maduka makubwa ya juzi. Nakumatt ya Kenya ilinunua maduka ya Shoprite Tanzania mwaka 2014, kisha ikaanguka kwa madeni. Uchumi ilifunga maduka yake nchini Oktoba 2015, wafanyakazi wakabaki bila kazi na waliowapelekea bidhaa wakabaki wanadai. Mali kauli ilikuwepo hapo pia, ila ilikuwa imegeuka. Enzi za Visram mkubwa alimkopesha mdogo. Kwenye supamaketi mdogo ndiye anayemkopesha mkubwa: anapeleka mzigo leo, anasubiri malipo kwa wiki au miezi.

Kwa Singida hili si jambo la mbali. Anayeuza dumu la mafuta ya alizeti kando ya barabara analipwa papo hapo. Akitaka chupa zake zikae kwenye rafu za duka kubwa mjini, atatakiwa asubiri, huku akimlipa kibarua wa mashine na mkulima aliyemletea mbegu.

Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za jumla na rejareja. Supamaketi ziliachwa nje ya katazo hilo.