Semei Kakungulu: jenerali aliyebaki kuwa jina la shule

Basi la kutoka Jinja kwenda Mbale hupita Iganga, likaingia Namutumba, likavuka bonde la mto Mpologoma lenye mafunjo pande zote mbili, kisha Budaka, na hapo mwamba wa Wanale huanza kuonekana mbele. Ni safari ya takriban kilomita 150. Karibu kila kituo cha njia hiyo kinahusiana kwa namna fulani na maisha ya mtu mmoja aliyefariki Novemba 1928, na ambaye leo wanafunzi wengi wa mashariki ya Uganda wanamjua kama jina la shule tu.

Nje kidogo ya mji wa Mbale ipo Shule ya Sekondari ya Semei Kakungulu. Ilianzishwa na Abayudaya, jamii ya Wayahudi Waafrika wanaoishi katika vijiji vya maeneo hayo, lakini madarasa yake yana Wakristo na Waislamu pia. Msomaji wa Nairobi, Arusha au Kigali anaweza kujiuliza Wayahudi walifikaje chini ya Mlima Elgon. Hakuna aliyewaleta. Jibu limo katika maisha ya Kakungulu, na si maisha ya mtakatifu.

Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1860 huko Kooki, ufalme mdogo uliokuwa kusini magharibi mwa Buganda. Akiwa kijana alifika Buganda na kuingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga, ambako alipata sifa ya uwindaji wa tembo. Pembe za ndovu ndizo zilizonunua bunduki, na mtu aliyejua kutafuta pembe alikuwa na faida kubwa kwa mfalme.

Wakati huohuo ndani ya ikulu kulikuwa na jambo jingine. Vijana walikuwa wanajifunza kusoma. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879, na waliowafuata hawakuitwa kwanza Wakristo bali abasomi, yaani wasomaji. Vitabu vya kwanza havikuwa vya Kiluganda. Vilikuwa vya Kiswahili, lugha iliyoletwa na misafara ya biashara kutoka pwani, na Kakungulu mwenyewe alifundishwa kusoma Maandiko kwa Kiswahili. Wale wanaosema leo kwamba Kiswahili ni kigeni Uganda wangefaa kukumbuka hilo.

Usomaji ule haukuwa na darasa kama tunavyolijua. Aliyejua herufi kumi alimfundisha asiyejua hata moja. Karatasi moja ilisomwa na watu wengi. Baada ya Mwanga kuanza kuwaua wasomaji, na wengi wakachomwa moto Namugongo Juni 1886, vikundi vile vilisoma kwa siri usiku. Kizazi kilichotoka humo ndicho kilichoshika Buganda kwa miaka arobaini iliyofuata. Kakungulu alikuwa mmoja wao, na mazoea ya kukaa na wenzake juu ya kitabu mpaka wakielewe hayakumtoka hadi kufa. Nitarudi hapo, kwa kuwa ndiyo sehemu ya maisha yake iliyodumu.

Mwaka 1888 Mwanga aliangushwa, na vita vya dini vikaanza. Kakungulu alijitokeza kama mpiganaji hodari wa upande wa Kikristo. Alikuwa na kipaji cha kuvuta watu. Wapiganaji walimfuata yeye binafsi kabla ya kumfuata mfalme au kanisa. Kipaji hicho kilimpa ukubwa, na kilimpa pia adui wa maisha, naye ni Apolo Kagwa, katikiro wa Buganda. Mji mkuu mmoja haukutosha kwa watu wawili kama hao. Katikati ya miaka ya 1890 Kakungulu aliondoka na wafuasi wake kwenda Bugerere, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, akaanza maisha mapya.

Kutoka hapo alivuka kuelekea kaskazini na mashariki. Mwezi Aprili 1899 majeshi yake, pamoja na ya Waingereza, yaliwakamata wafalme wawili waliokuwa wamejificha katika nchi ya Lango: Mwanga aliyekuwa bwana wake wa zamani, na Kabalega wa Bunyoro aliyekuwa akipigana na Waingereza kwa miaka mingi. Wote walipelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia njiani, Mpumudde, pale Jinja, kabla ya kuliona tena Bunyoro.

Baada ya ushindi ule Kakungulu aliamini kwamba Waingereza watampa ufalme. Kamishna maalumu, Sir Harry Johnston, alimwacha asonge mbele katika nchi ambayo Waganda waliiita Bukedi, na Kakungulu alielewa kwamba yeye ndiye atakuwa Kabaka wa huko. Alijenga boma baada ya boma, akaweka makao makuu Budaka. Maboma hayo hayakujengwa kwa maombi. Watu wa nchi ile walinyang'anywa ng'ombe, walilazimishwa kufanya kazi na kutoa kodi, na waliopinga walipigwa. Katika vijiji vya Bugisu, Bugwere na Teso bado wapo wazee ambao jina la Kakungulu kwao ni jina la mvamizi. Ni haki yao, na shule inayobeba jina hilo haiwezi kulikwepa.

Ufalme haukuja. Mwaka 1902 Waingereza walimwondoa Budaka na kumpa ardhi ya maili 20 za mraba chini ya Elgon. Mtu mwingine angerudi Buganda kulalamika. Yeye aliwachukua watu wake wakafyeka pori, wakapanda migomba, wakapima barabara pana na kupanda miti kandokando. Katika miaka michache palikuwa na mji, nao ni Mbale. Serikali ya kikoloni, ilipoona mji umesimama, ikaona pia kwamba unafaa kuwa makao yake.

Kisha wakamhamisha. Mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga. Busoga haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa na watawala wengi, kila mmoja na eneo lake, na Waingereza walitaka mtu wa kuwaketisha pamoja. Walimchagua mgeni, Mganda, aliyekuwa na njaa ya cheo na ambaye walitaka atoke Mbale.

Wakati ulikuwa mbaya. Malale yalikuwa yameua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Victoria tangu mwanzo wa karne, na serikali ilikuwa ikiwahamisha waliobaki kutoka pwani ya ziwa. Mwaka 1908 njaa kubwa iliipiga Busoga. Baraza la Jinja lilikutana watu wakiwa wanazikana. Sijui kama mtu yeyote angeweza kuongoza vizuri katika hali ile, na Wasoga hawakumpenda mtawala aliyeletwa kutoka nje. Lakini watawala waliokuwa hawana kikao kimoja walizoea kukaa chumba kimoja, na wazo la Busoga moja halikufa alipoondoka. Mwaka 1939 Ezekieri Wako wa Bulamogi akawa Kyabazinga wa kwanza, safari hii akiwa Msoga.

Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1911, shule kwa ajili ya wana wa watawala ilifunguliwa Kamuli. Mwaka 1933 ilihamia kilima cha Mwiri karibu na Jinja, nayo ni Busoga College Mwiri ya leo, aliposoma Milton Obote.

Mwaka 1913 Kakungulu aliacha kazi ya Jinja, akarudi Mbale. Alikuwa anakaribia miaka 45. Alikuwa ametumikia kabaka, kanisa na himaya, na kila mmoja alikuwa amemtumia kisha akamweka pembeni. Angeweza kuzeeka kama chifu mwenye shamba kubwa na kinyongo. Badala yake alifungua tena kitabu.

Kwanza alijiunga na wafuasi wa Malaki Musajjakawa, waliojitenga na kanisa la Kianglikana na kukataa dawa za hospitali, wakisema Mungu pekee ndiye mponyaji. Msimamo huo uliwatia mashakani na serikali iliyokuwa ikiendesha kampeni za chanjo, na kwa maoni yangu serikali ndiyo iliyokuwa na haki katika jambo hilo. Lakini Kakungulu hakuishia hapo. Aliendelea kusoma vitabu vitano vya Musa, na kila aliposoma aliona amri ambazo Wakristo waliomfundisha hawakuzifuata. Tohara ilikuwa mojawapo. Alipowaambia wenzake kwamba wanaume wote watahiriwe, walimjibu kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi. Akajibu kwamba basi wao ni Wayahudi.

Hiyo ilikuwa mwaka 1919. Alitahiriwa mwenyewe akiwa mtu mzima wa miaka hamsini, pamoja na wanawe. Kuna jambo hapa ambalo huwa halisemwi sana: Waganda wenzake, isipokuwa Waislamu, hawakutahiri, ilhali Wagisu aliowatawala kwa nguvu wana imbalu, jando lao linalofanyika hadharani kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mshindi alikuja kufanana kidogo na walioshindwa, ingawa kwa njia nyingine.

Alihamia Gangama, chini ya mlima, na waliokubali kubaki naye. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kurasa 90 cha kanuni na sala kwa Kiluganda. Hadi wakati huo hakuwa amefundishwa na Myahudi hata mmoja. Yote aliyatoa katika kusoma. Katika miaka hiyo ya 1920 mfanyabiashara Myahudi aliyeitwa Yosef alikutana naye, akakaa na jamii kwa takriban miezi sita akiwafundisha kalenda ya sikukuu, uchinjaji na sala. Kakungulu aliwakusanya vijana wasome yale aliyoyaacha Yosef, ili elimu isibaki kichwani mwa mzee mmoja. Kwa jenerali aliyezoea kuongoza maelfu, kundi la vijana wachache chini ya mlima lilikuwa dogo sana. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928 na akazikwa huko karibu na nyumba yake.

Wengi walidhani jamii itakufa pamoja naye, na karibu iwe hivyo. Wengine walirudi kanisani. Waliobaki waliongozwa na Samson Mugombe. Idi Amin alipotawala kati ya 1971 na 1979, dini yao ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, watu wakasali kwa siri au wakabadili dini. Jamii iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 hivi ilibaki na takriban 300.

Waliofufua hawakuwa wazee. Katika miaka ya 1980 kikundi cha vijana, baadhi wakiwa bado wa umri wa sekondari, kiliunda klabu yao ya vijana Wayahudi. Walikwenda kuishi pamoja kwenye kilima cha Nabugoye, ardhi ya jamii, wakalima pamoja, wakajifunza Kiebrania kidogo waliokuwa nacho, wakatunga nyimbo za Zaburi kwa Kiluganda zenye mahadhi ya kwetu. Ilikuwa Uganda ya vita na umaskini, na hakuna aliyekuwa akiwaangalia. Walisoma kama abasomi wa Mwanga walivyosoma: anayejua anamfundisha asiyejua. Miaka ishirini baadaye nyimbo hizo zilirekodiwa na kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy huko Marekani. Mmoja wa vijana wale, Gershom Sizomu, mjukuu wa Mugombe, alipata urabi mwaka 2008 baada ya masomo Los Angeles, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo Wayahudi ni wachache mno wasioweza kumchagua mtu peke yao. Mwingine, J.J. Keki, alianzisha mwaka 2004 ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, ambamo wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu huuza pamoja.

Shule iliyopewa jina la Kakungulu ilitokana na hesabu rahisi ya kizazi hicho. Watoto wao walipokuwa wakienda shule za wengine, mara nyingi walijikuta peke yao darasani, na mitihani ikiangukia Jumamosi mtoto alilazimika kuchagua. Lakini jamii ndogo isingeweza kujaza shule, wala haikutaka shule ya watu wake pekee. Milango ikafunguliwa kwa majirani. Wanafunzi wa vijiji vya mbali hulala shuleni, wakiwemo wanaotoka Namutumba, upande wa Busoga, ambako pia kuna Abayudaya.

Hao hupanda basi kwenye barabara ileile, wakavuka Mpologoma, wakapita Budaka. Darasani huketi na watoto wa Kigisu ambao mababu wa babu zao walilimishwa barabara na mtu yule ambaye jina lake liko kwenye daftari zao zote.