Sam Cooke, mtoto wa pasta aliyetoka korali akaimbia dunia

Katika miji yetu ya mashariki, mwimbaji wa korali akianza kuimba mapenzi, habari inafika kanisani kabla yake. Kuna wanaosema amepotea, kuna wanaosema anatafuta mkate tu. Zaidi ya miaka 60 iliyopita, huko Marekani, Sam Cooke alipita katika njia ile ile. Alikuwa sauti ya kupendwa sana katika makanisa ya watu weusi, kisha akageuka nyota wa muziki ya dunia, na mpaka leo anahesabiwa kati ya watu waliozaa muziki ya soul. Alikufa akiwa na miaka 33 tu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Samuel Cook. Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa kwanza 1931 huko Clarksdale, jimbo la Mississippi, inchi ya mashamba ya pamba. Baba yake, Charles Cook, alikuwa mchungaji. Miaka miwili baadaye familia ilihamia Chicago, sawa vile weusi wengi walivyokuwa wanakimbia kusini kutafuta kazi na heshima. Nyumbani walikuwa watoto wanane, na baba akatengeneza kikundi cha kuimba na watoto wake mwenyewe. Ndugu zake walisimulia kwamba Sam, angali mdogo, alikuwa anapanga vijiti chini na kuviimbia kama vile ni watu waliokuja kumsikiliza.

Sauti ya kanisa

Kisha kupita katika kikundi cha vijana kilichoitwa Highway Q.C.s, Sam aliitwa kwa Soul Stirrers, moja ya vikundi vikubwa vya nyimbo za Mungu Marekani nzima. Alikuwa na karibu miaka 20, na alipewa nafasi ya R.H. Harris, mwimbaji ambaye wakristo wengi waliona hakuna wa kumrithi. Kazi ilikuwa nzito. Harris alikuwa na nguvu ya sauti, Sam hakuwa nayo kwa kiasi kile. Basi akatafuta njia yake: aliimba polepole, laini, akiivuta na kuikunja silabi moja mara nyingi. Mwaka 1951 wakarekodi kwa kampuni Specialty ya Art Rupe, na diski zikatoka vizuri. Vijana, zaidi wasichana, wakaanza kujaa viti vya mbele.

Lakini pesa ya nyimbo za Mungu ilikuwa kidogo, na safari zilikuwa ndefu, tena barabarani kusini weusi walikatazwa hoteli na mikahawa mingi. Sam akajaribu wimbo wa mapenzi. Juu ya kuogopa kuwakosea wakristo, diski ile ilitoka mwaka 1957 kwa jina la Dale Cook. Haikusaidia kitu: kila mtu alitambua sauti mara moja.

Kuvuka mto

Mwezi wa sita 1957, Sam na mtayarishaji wake Bumps Blackwell waliingia studio kurekodi You Send Me, wimbo aliotunga mwenyewe. Art Rupe alipofika na kukuta waitikiaji wazungu, alikasirika. Aliona muziki ile itapoteza wanunuzi weusi na wazungu hawataitaka. Mabishano yaliisha kwa kuachana: Blackwell na Sam wakaondoka na zile kanda. Kampuni mpya, Keen, ikatoa wimbo, na mwisho wa mwaka ukashika nafasi ya kwanza kwa weusi na kwa wazungu, ukapita diski milioni moja. Ndipo jina Cook likaongezewa herufi e.

Si kila mlango ulifunguka. Mwaka 1958 aliimba Copacabana, klabu ya matajiri New York, na ilimshinda. Watu walimwangalia tu. Alirudi hapo mwaka 1964 akiwa amejifunza, akashangiliwa, na album ikatoka. Lakini mwezi wa kwanza 1963, huko Miami, katika Harlem Square Club mbele ya weusi wenzake, alikuwa ameimba namna nyingine kabisa: sauti ya kukwaruza, jasho, ukumbi mzima ukiitikia kama kanisani. Kampuni RCA, aliyokuwa nayo tangu 1960, iliona rekodi ile ni kali mno, ikaificha. Ilitoka mwaka 1985. Mwenye kusikiliza hizo mbili anaweza kudhani ni waimbaji wawili tofauti.

Mwenye mali ni nani?

Wakati ule mwimbaji mweusi alipewa pesa kidogo ya kurekodi, na mambo yakaishia hapo. Mwenye haki za wimbo ndiye alikula kila redio ilipoupiga na kila diski ilipouzwa. Sam alielewa hesabu hiyo mapema. Akiwa na rafiki yake J.W. Alexander, alianzisha kampuni ya kulinda haki za nyimbo zake, na karibu mwaka 1959 wakafungua SAR, kampuni ya kurekodi wengine. Hapo ndipo Bobby Womack na ndugu zake walianzia, na Johnnie Taylor pia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba baada ya kifo chake haki hizo ziliishia mikononi mwa Allen Klein, mtu aliyeshika mambo yake ya pesa tangu 1963.

Mwaka mgumu

Mwaka 1961, huko Memphis, Sam alikataa kuimba mbele ya watu waliotenganishwa kwa rangi. Mwezi wa sita 1963 mtoto wake Vincent, hata miaka miwili hakuwa nayo, alikufa maji katika bwawa la nyumbani. Mwezi wa kumi mwaka ule ule, huko Shreveport, hoteli ya wazungu ilimkatalia chumba alichokuwa ameagiza. Alilalamika, akapiga honi ya gari, polisi wakamkamata pamoja na wenzake kwa kosa la kuleta fujo. Nyota wa Marekani nzima akalipishwa ili kutoka.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 mwezi wa kwanza 1964, alirekodi A Change Is Gonna Come. Ni wimbo wa mtu aliyechoka kufukuzwa, lakini anayeamini mabadiliko yatafika. Sauti ni ile ya Soul Stirrers, sasa ikiwa na vinanda na ngoma kubwa nyuma yake.

Mwezi wa pili, Miami, kijana Cassius Clay alimpiga Sonny Liston, na katika makelele ya ushindi akamwita Sam apande ulingoni. Ndiye yule Muhammad Ali aliyekuja Kinshasa miaka 10 baadaye kumpiga Foreman.

Usiku wa tarehe 11 mwezi wa kumi na mbili 1964, katika moteli moja ya Los Angeles, msimamizi wa pale alimpiga Sam risasi. Uchunguzi ulisema alikuwa anajitetea. Familia na marafiki hawakuridhika hata siku moja. Alifanyiwa ibada mbili, Chicago na Los Angeles, na maelfu ya watu walikuja kumwaga.

Siku chache baadaye wimbo wake ulitoka kwa diski ndogo. Beti moja, ile inayotaja wazi kufukuzwa katika sinema na mjini, ilikuwa imekatwa kwa ajili ya redio. Hata hivyo watu waliuchukua. Otis Redding aliuimba, kisha Aretha Franklin, naye mtoto wa mchungaji. Wapigania haki wakaufanya wao. Leo unaimbwa hata makanisani, pale pale waliposema mtoto wa pasta Cook amepotea.