Otto Binswanger

Otto Ludwig Binswanger (Scherzingen, Uswisi, 14 Oktoba 1852 – Kreuzlingen, Uswisi, 15 Julai 1929) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na mtafiti wa ubongo kutoka Uswisi, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake aliifanyia kazi nchini Ujerumani. Kwa miaka 37, kuanzia 1882 hadi 1919, aliongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya mji wa Jena na kufundisha katika chuo kikuu cha huko.

Anakumbukwa hasa kwa makala yake ya mwaka 1894. Ndani yake alieleza kwamba baadhi ya watu wanaopoteza akili polepole katika umri mkubwa hawana ugonjwa uliodhaniwa na madaktari wengi wa wakati ule. Alisema kuwa mishipa yao ya damu imeharibika, na kwamba sehemu ya ndani ya ubongo wao haipati damu ya kutosha. Hali hiyo baadaye iliitwa ugonjwa wa Binswanger. Leo huhesabiwa kati ya magonjwa ya mishipa midogo ya damu ya ubongo, ambayo ni chanzo kimojawapo kikubwa cha kupungukiwa na akili uzeeni.

Familia na utoto

Binswanger alizaliwa katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Bavaria. Baba yake, Ludwig Binswanger (1820–1880), alikuwa daktari wa magonjwa ya akili aliyehamia Uswisi na kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Münsterlingen, kando ya ziwa Konstanz. Mwaka 1857 baba huyo alianzisha hospitali yake binafsi mjini Kreuzlingen, iliyoitwa Bellevue. Huko wagonjwa walitendewa kwa upole na kuishi karibu na familia ya daktari, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo.

Hivyo Otto alikua akiwaona wagonjwa wa akili kila siku. Kaka yake Robert (1850–1910) ndiye aliyerithi uongozi wa Bellevue baada ya baba yao kufa. Mtoto wa Robert, aliyeitwa Ludwig kama babu yake (1881–1966), alikuja kuwa daktari maarufu aliyeunganisha tiba ya akili na falsafa. Ludwig huyo alipokuwa kijana alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Jena, chini ya Otto, baba yake mdogo.

Masomo na kazi za kwanza

Otto alisoma udaktari huko Heidelberg, Strassburg na Zürich. Baada ya masomo alifanya kazi Vienna kwa Theodor Meynert, mmoja wa wataalamu wakubwa wa umbile la ubongo katika karne ya 19. Meynert aliwafundisha wanafunzi wake kwamba magonjwa ya akili yatafutwe ndani ya ubongo wenyewe: katika tabaka zake, nyuzi zake na mishipa yake ya damu.

Baadaye Binswanger alikuwa msaidizi wa Ludwig Meyer mjini Göttingen, kisha akafanya kazi ya kuchunguza maiti katika taasisi ya patholojia ya Breslau (leo Wrocław, Poland). Mwaka 1880 alihamia hospitali ya Charité mjini Berlin, chini ya Carl Westphal, aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya magonjwa ya neva na uti wa mgongo.

Kwa njia hiyo alipata ujuzi wa aina mbili ambao haukupatikana mara nyingi kwa mtu mmoja: kumfuatilia mgonjwa kitandani akiwa hai, na kuuchunguza ubongo wake baada ya kifo.

Jena

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 29 tu, aliitwa Jena kuwa mkurugenzi wa hospitali ya magonjwa ya akili na mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 1891 alipewa cheo cha profesa kamili. Chini yake hospitali ilipata sifa, na madaktari vijana wenye vipaji walikuja kujifunza huko. Miongoni mwa waliofanya kazi Jena kwa nyakati mbalimbali walikuwa Theodor Ziehen, Oskar Vogt, Korbinian Brodmann, ambaye baadaye aligawa gamba la ubongo katika maeneo yenye namba zinazotumika hadi leo, na Hans Berger.

Mgonjwa wake maarufu kuliko wote alikuwa mwanafalsafa Friedrich Nietzsche. Mwezi Januari 1889 Nietzsche alipatwa na wazimu akiwa Torino, Italia. Rafiki yake Franz Overbeck alimfuata na kumpeleka Basel, na kutoka huko akahamishiwa Jena mwezi huohuo. Binswanger na wenzake waliamua kwamba ana ugonjwa wa kupooza kwa jumla, unaotokana na kaswende. Nietzsche alikaa hospitalini zaidi ya mwaka mmoja, hadi mama yake alipomtoa mwezi Machi 1890. Alifariki mwaka 1900 bila kupata nafuu ya kudumu.

Tatizo la kupooza kwa jumla

Ili kuelewa mchango wa Binswanger, ni lazima kujua hali ya hospitali za akili za wakati wake. Kupooza kwa jumla kulikuwa kati ya magonjwa yaliyoogopwa kuliko yote. Mgonjwa, mara nyingi mwanamume wa umri wa kati, alianza kubadilika tabia, akapoteza kumbukumbu na uwezo wa kusema vizuri, akapooza, na kwa kawaida akafa baada ya miaka michache. Tiba haikuwepo.

Ugonjwa huo ulikuwa umeelezwa na Mfaransa Antoine Bayle mwaka 1822, na tangu katikati ya karne madaktari walizidi kuuhusisha na kaswende. Lakini kipimo cha kuthibitisha hakikuwepo. Kijidudu cha kaswende kiligunduliwa mwaka 1905 tu, kipimo cha damu cha Wassermann kilikuja mwaka 1906, na kijidudu chenyewe kilionekana ndani ya ubongo wa wagonjwa hao mwaka 1913.

Kabla ya hapo daktari alikuwa na macho yake na maelezo ya mgonjwa tu. Mtu aliyepungukiwa na akili huku akiwa na dalili za kupooza aliweza kuingizwa kwa urahisi katika kundi hilo. Kosa hilo halikuwa dogo. Familia iliambiwa itarajie kifo cha karibu, na jina la mgonjwa liliunganishwa na ugonjwa wa zinaa, hata kama hakuwahi kuugua.

Makala ya 1894

Mwaka 1893 Binswanger alitoa kitabu juu ya mabadiliko ya gamba la ubongo katika ugonjwa wa kupooza kwa jumla. Mwaka uliofuata alichapisha katika jarida la kila wiki la madaktari wa Berlin makala iliyotoka kwa sehemu tatu. Lengo lake lilikuwa kuweka mipaka: kuonyesha ni hali zipi zinazofanana na kupooza kwa jumla lakini ni magonjwa mengine.

Kati ya hali hizo alieleza moja aliyoiona kwa wagonjwa wanane, ingawa ni mmoja tu aliyemweleza kwa kirefu. Ugonjwa ulianza mtu akiwa na umri wa miaka 50 na kitu au 60 na kitu, ukaendelea polepole kwa miaka mingi. Akili ilififia hatua kwa hatua, pamoja na kasoro za usemi na udhaifu wa viungo.

Alipochunguza ubongo baada ya kifo, aliona jambo la pekee. Gamba la nje, ambalo huharibika sana katika kupooza kwa jumla, lilikuwa limesalimika kwa kiasi kikubwa. Kilichokuwa kimesinyaa ni sehemu nyeupe iliyo chini yake, yaani nyuzi za neva zinazounganisha eneo moja la ubongo na lingine. Vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo vilikuwa vimepanuka, na mishipa ya ateri ilikuwa imekakamaa. Binswanger alihitimisha kwamba sehemu nyeupe ilikuwa imekosa lishe kwa sababu damu haikufika ya kutosha.

Makala ilikuwa na upungufu mkubwa: haikuwa na uchunguzi wa hadubini. Binswanger alikusudia kuutoa baadaye, lakini hakuutoa. Hatua hiyo ilichukuliwa na Alois Alzheimer, ambaye wakati huo alifanya kazi Frankfurt na alikuwa akichunguza suala hilohilo. Mwaka 1902 Alzheimer alieleza mabadiliko yanayoonekana kwa hadubini na kuuita ugonjwa huo kwa jina la Binswanger. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla Alzheimer hajaeleza mbele ya wenzake ugonjwa mwingine wa kupoteza kumbukumbu, ambao leo unaitwa kwa jina lake mwenyewe.

Jinsi ugonjwa unavyotokea

Sehemu nyeupe ya ubongo hulishwa na mishipa mirefu na myembamba sana inayopenya kutoka juu kwenda ndani. Mishipa hiyo haina njia nyingi za kusaidiana. Mmoja ukiziba au kuwa mwembamba, eneo lake hukosa damu.

Shinikizo kubwa la damu likidumu kwa miaka mingi, kuta za mishipa hiyo huwa nene na ngumu, na nafasi ya damu kupita hupungua. Uzee, kisukari na uvutaji wa sigara huongeza hatari. Nyuzi za neva hupoteza utando wake wa mafuta, na mawasiliano kati ya sehemu za ubongo huwa ya polepole. Wakati mwingine hutokea viharusi vidogo vinavyoacha vishimo ndani ya ubongo. Vishimo hivyo vilielezwa kwa kina na Mfaransa Pierre Marie mwaka 1901.

Kwa sababu hiyo dalili hutofautiana kiasi na zile za ugonjwa wa Alzheimer. Mara nyingi mgonjwa huanza kwa kuwa mzito wa kufikiri na kushindwa kupanga mambo aliyoyazoea, kabla kumbukumbu haijaharibika sana. Hutembea kwa hatua fupi, hupoteza mizani, hushindwa kuzuia mkojo, na huweza kuwa na huzuni au kutojali. Hata hivyo, wazee wengi huwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja.

Maandishi mengine na miaka ya mwisho

Wakati wa uhai wake Binswanger alijulikana zaidi kwa vitabu vyake vikubwa kuliko kwa makala ya 1894. Aliandika juu ya uchovu wa neva (1896), kifafa (1899) na histeria (1904). Pamoja na Ernst Siemerling alitoa kitabu cha kufundishia magonjwa ya akili kilichotumiwa na wanafunzi wengi.

Mwaka 1919 alistaafu na kurudi Kreuzlingen, mji wa utoto wake. Nafasi yake Jena ilichukuliwa na Hans Berger, ambaye mwaka 1924 alikuwa wa kwanza kurekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu. Berger alichapisha matokeo hayo mwaka 1929, mwaka uleule ambao Binswanger alifariki akiwa na umri wa miaka 76.

Baada ya kifo

Kwa miongo kadhaa ugonjwa wa Binswanger ulihesabiwa kuwa nadra sana, kwa kuwa ulithibitishwa kwa kuchunguza maiti tu. Mwaka 1962 Jerzy Olszewski, mtafiti aliyefanya kazi Kanada, alipitia upya maandishi ya zamani na kupendekeza jina linaloeleza chanzo chake, yaani kukakamaa kwa ateri chini ya gamba la ubongo. Baadhi ya wataalamu wamehoji hata kama mgonjwa aliyeelezwa kwa kirefu mwaka 1894 alikuwa kweli na ugonjwa unaoitwa hivyo leo.

Mambo yalibadilika kuanzia miaka ya 1970, zilipopatikana mashine za CT scan na baadaye MRI. Kwa mara ya kwanza sehemu nyeupe ya ubongo ilionekana kwa mtu aliye hai. Madaktari walishangaa kukuta kwamba madoa yanayoonyesha uharibifu wa mishipa midogo ni ya kawaida kwa wazee, wakiwemo wasio na dalili zozote. Kilichodhaniwa kuwa nadra kilikuwa upande mkali wa hali iliyoenea sana.

Mwaka 1996 iligunduliwa jeni inayosababisha CADASIL, ugonjwa wa kurithi wa mishipa hiyohiyo. Mwaka 2008 madaktari wa Ubelgiji walitoa hoja kwamba huenda hata Nietzsche aliugua CADASIL, wala si kaswende. Hoja hiyo haijathibitishwa, kwa kuwa ubongo wake haukuchunguzwa baada ya kifo. Ikiwa ni kweli, basi mgonjwa maarufu kuliko wote wa Binswanger alikuwa miongoni mwa wale ambao, miaka michache baadaye, daktari wake alijaribu kuwatenganisha na wagonjwa wa kaswende.

Umuhimu wa utenganisho huo umeonekana zaidi katika karne ya 21. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SPRINT MIND, uliotolewa mwaka 2019, ulilinganisha watu wenye shinikizo la damu walioteremshiwa kipimo cha juu hadi chini ya 120 na wale waliolengwa chini ya 140. Kundi la kwanza lilipata kwa uchache zaidi upungufu mdogo wa akili, na madoa katika sehemu nyeupe ya ubongo yaliongezeka polepole zaidi. Nyuzi zilizokwisha kufa hazirudi, lakini kuharibika kwa mishipa kunaweza kucheleweshwa. Katika hospitali ya Jena ya mwaka 1894, dawa ya kufanya hivyo haikuwepo, wala kipimo cha shinikizo la damu hakikuwa bado kifaa cha kawaida cha daktari.