Miaka 46, awamu 12: Mfahamu Satchel Paige

Una miaka 24 na tayari unajiambia gari limekuacha? Hebu tulia kidogo nikujuze kuhusu buda mmoja wa Marekani aliyeitwa Satchel Paige.

Leroy Paige alizaliwa 1906 mjini Mobile, jimbo la Alabama, katika familia kubwa isiyokuwa na kitu. Utotoni alibeba mizigo ya abiria kwenye stesheni ya reli apate senti za kupeleka nyumbani, na inasemekana jina la Satchel, yaani mkoba, lilitokea hapo. Akiwa na miaka 12 alishikwa kwa wizi mdogo na kupelekwa shule ya kurekebisha tabia kule Mount Meigs. Alikaa zaidi ya miaka mitano. Huko ndiko alikofunzwa kurusha mpira wa besiboli vile inafaa.

Kufikia 1926 alikuwa akilipwa kucheza. Shida ilikuwa moja tu: ngozi yake. Ligi kuu zilikuwa za wazungu pekee, kwa hivyo alicheza kwenye ligi za watu weusi, akizunguka mji baada ya mji. Mashabiki walijaa kumtazama, lakini mlango ukabaki umefungwa. Jackie Robinson alipoufungua mwaka 1947, Paige alikuwa ashapita 40. Wengi walidhani yake yamekwisha.

Cleveland Indians walimsajili Julai 7, 1948, siku aliyotimiza miaka 42. Mwaka huohuo timu ikabeba ubingwa.

Sasa twende Agosti 6, 1952. Paige ana miaka 46 na anachezea St. Louis Browns, timu iliyozoea kupigwa. Wapinzani ni Detroit Tigers. Besiboli huwa na awamu tisa. Zikiisha sare, mnaendelea hadi mmoja ashinde. Ya tisa ikaisha 0-0. Ya kumi, 0-0. Ya 11, vivyo hivyo. Mrushaji akichoka huruhusiwa kubadilishwa, na hakuna mtu angemlaumu mzee kwa kwenda kuketi. Paige hakutoka bana! Alirusha awamu zote 12 bila Tigers kupata hata alama moja, kisha wenzake wakapata moja. 1-0, mechi kwisha.

Na bado. Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, Kansas City Athletics walimpa mechi moja, wakamwekea na kiti cha kubembea kuwachekesha watu. Akarusha awamu tatu, na ni mpigaji mmoja tu aliyempata vizuri. Mwaka 1971 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli. Wakuu walikuwa wamepanga kuwatengea wachezaji wa ligi za weusi kona yao. Watu wakapiga kelele, mpango ukafa. Paige alifariki Juni 8, 1982.

Usiisome hii kama hadithi tamu ya subira. Miaka yake bora aliibiwa, na hakuna aliyemrudishia. Yeye hakuchelewa, alicheleweshwa. Lakini miaka hiyo yote hakuacha kurusha, ndiyo maana mlango ulipofunguka mkono ulikuwa tayari. Kwa hivyo kabla hujajilaumu, jiulize ni wewe uliyechelewa ama kuna mtu ameshika mlango. Kisha endelea na mazoezi.