Shaaban Robert na nchi zilizopakana na upepo



Ndugu msomaji, wakati wa likizo iliyopita nilisaidia kufundisha watoto wa Kipaimara katika kigango kimoja wilayani Handeni. Jioni moja mvua ilituzuia kanisani. Kipindi kilikuwa kimekwisha na hakuna aliyeweza kutoka, basi nikawahadithia habari za nchi iitwayo Kusadikika. Nilipomaliza, mtoto mmoja aliuliza nchi hiyo iko upande gani ukitokea Korogwe. Wenzake walimcheka. Nilimwambia kwamba mtu aliyeitunga alizaliwa katika mkoa wetu huu wa Tanga, nikamwahidi kwamba siku nyingine nitamweleza zaidi. Likizo iliisha kabla sijatimiza ahadi, nami nailipa hapa.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga, nchi ikiwa bado chini ya Wajerumani. Jina la Robert huwachanganya wengi, na hata parokiani kwetu nimesikia likitajwa kama ushahidi kwamba alikuwa Mkristo. Hakuwa Mkristo. Robert ni jina la baba yake. Yeye alizaliwa Mwislamu na alikufa Mwislamu. Asili ya ukoo wake ilikuwa ya Wayao, lakini mwenyewe alijihesabu Mswahili, na Kiswahili alikipenda kama mtu anavyompenda mama yake.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926. Alipopata cheti aliajiriwa karani wa Forodha, na ukarani huo haukumwachia mpaka uzeeni. Alikaa Forodha hadi 1944, akahamishiwa idara ya wanyama, akarudi Tanga mwaka 1946 katika ofisi ya serikali, kisha kuanzia 1952 hadi 1960 akafanya kazi katika idara ya upimaji wa ardhi. Karani wa Kiafrika hakuchagua kituo. Barua ya uhamisho ikifika, anafunga mizigo, anachukua mke na watoto, anakwenda. Ndivyo alivyofika Mpwapwa, miaka ya vita ya pili ya dunia. Leo tunaona Mpwapwa si mbali, lakini wakati ule reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa hazijakutana. Kipande cha kuziunganisha, kinachoanzia Mnyusi hapa wilayani Korogwe na kwenda Ruvu, kilifunguliwa mwaka 1963, na Shaaban Robert alikuwa amekwisha kufa.

Nimeitaja kazi hii ya ofisini kwa kirefu kwa sababu naamini nchi zake za kubuni zilizaliwa pale mezani. Fikiria mtu mwenye akili pana kuliko wakubwa wake, anayenakili barua za watu wengine mchana kutwa, mtumishi wa serikali ya kikoloni ambayo haitaki kuambiwa kosa lake na karani. Ana mke, ana watoto, mshahara ni mdogo. Akiandika waziwazi kwamba nchi inaendeshwa bila haki, kesho hana kazi, na huenda hana uhuru. Akinyamaza, dhamiri yake inamsuta. Basi akatafuta nchi ambayo hakuna mkuu wa wilaya anayeitawala.

Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Nchi hiyo iko angani na mipaka yake ni pepo: upande huu imepakana na kaskazi, upande ule na kusi, kwingine matlai na umande. Mvuvi yeyote wa Tanga angeijua ramani hiyo bila kufundishwa. Ndani ya nchi hiyo kijana aitwaye Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Mshitaki ni Majivuno, waziri mkubwa. Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa siku kadhaa, na utetezi wake wote ni hadithi. Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote nne, na mbinguni, na ardhini, ili walete mambo mema ya huko. Kila mmoja alirudi na mzigo wa maarifa, na kila mmoja badala ya kushukuriwa alifungwa. Mwisho mfalme anamwachia Karama huru, na wafungwa wale wanafunguliwa.

Sisi tunaosoma falsafa tunamkumbuka hapa Mtakatifu Thomas More. Naye alikuwa mtu wa ofisi, mwanasheria na mtumishi wa mfalme. Mwaka 1516 alitunga kisiwa, akakipa jina la Utopia, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali pasipokuwapo. Mwaka 1535 mfalme wake mwenyewe alimkata kichwa. Wawili hawa hawafanani kwa dini wala kwa zama, lakini tofauti inayonivutia zaidi iko katika majina ya nchi zao. More aliita yake mahali pasipokuwapo. Shaaban Robert aliita zake Kusadikika na Kufikirika. Hakusema hazipo, alisema zinaweza kusadikiwa, zinaweza kufikiriwa. Kila Jumapili tunasimama na kusema nasadiki. Yeye alichukua neno hilohilo, akaliongezea silabi moja, akapata nchi nzima. Sijui lugha nyingine ambayo ingemfanyia kazi hiyo kwa bei rahisi namna ile.

Sasa niseme lililonisumbua. Shuleni tulipewa orodha ya wahusika wake na maana za majina yao, tukakariri kwa ajili ya mtihani. Majivuno ana majivuno. Adili ni mwadilifu. Nikajiuliza, huyu ni mtunzi gani, ambaye ukimjua mtu jina umemjua wote? Bibi yangu Handeni alipotusimulia habari za sungura na fisi, hata fisi alikuwa na siku zake za kumhurumia. Nilimweka Shaaban Robert kabatini kwa miaka kadhaa.

Kitabu kilichonirudisha ni Adili na Nduguze, cha mwaka 1952. Mfalme Rai wa Ughaibuni anapata habari kwamba Adili, liwali wake wa Janibu, mtu mpole anayesifiwa na kila mtu, ana manyani wawili nyumbani na huwachapa kila usiku. Akiisha kuwachapa huwabembeleza na kuwalisha, huku mwenyewe analia. Anaitwa ajieleze. Manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Walikuwa wamemtosa baharini kwa wivu, yeye aliyewatendea mema tangu mwanzo. Jini aliyemwokoa aliwageuza manyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku, na asipotii ataadhibiwa yeye.

Asili ya kisa hiki imo katika Alfu Lela Ulela, na ngano za namna hiyo zilijulikana pwani. Lakini katika masimulizi ya zamani ndugu wale wabaya mwisho wao ni kifo. Shaaban Robert alikataa. Kwake mfalme anawaombea manyani kwa mfalme wa majini, adhabu inaondolewa, na Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, wakiwa wametubu. Niliposoma mahali pale nilifunga kitabu. Kama mhusika ni jina lake tu, basi Hasidi angebaki hasidi milele, na jini angekuwa amesema neno la mwisho. Kumbe mtunzi aliwapa majina mazito vile ili tuone wanaweza kutoka ndani yake.

Nitasema jambo la nyumbani, msomaji anisamehe. Mimi na kaka yangu hatukuwa tumesemezana kwa muda mrefu, kwa sababu ya shamba la marehemu baba. Nilikuwa nimempa jina moyoni, nami nilimchapa kwa jina hilo kila usiku, na kulia sikulia. Baada ya kitabu kile nilimpigia simu. Hatujamaliza, ila tunasalimiana.

Maisha ya Shaaban Robert mwenyewe hayakuwa na mfalme wa kumwombea. Mkewe Amina alifariki mapema, na shairi aliloliita kwa jina lake ni la mtu aliyebaki na nyumba kimya. Alioa tena. Watoto wake kadhaa hawakukua. Kwa binti yake Mwanjaa aliandika Utenzi wa Hati, kwa mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Wachapishaji walimsumbua, hata akajaribu kujichapishia vitabu mwenyewe pale Tanga. Alikuwa mjumbe katika kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na Waingereza walimpa nishani. Kustaafu alistaafu na pensheni ya karani.

Alifariki Tanga mwezi Juni 1962, akiwa na miaka 53. Uhuru wa Tanganyika, ambao Karama aliutetea kwa mafumbo, ulikuwa na miezi sita tu. Kufikirika, Siku ya Watenzi Wote na Utubora Mkulima, kile cha mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima Busutamu, vilitoka yeye akiwa kaburini.

Kaburi liko Machui. Kwa yule mtoto wa Handeni: panda basi hadi Mkata, kisha Segera, shika njia ya Muheza mpaka Tanga mjini, halafu barabara ya Pangani. Huko si Kusadikika, lakini ndiko alikolala mtu aliyekuwa akienda huko kila jioni akitoka kazini.