Rebmann na Theluji ya Kilimanjaro: Je, Mungu Ana Chanzo?

Somo: Zaburi 111, Luka 13:1–5, Yohana 9:1–3

Swali ambalo vijana wetu wameniuliza zaidi mwaka huu ni hili: ikiwa kila kitu kina chanzo, je, chanzo cha Mungu ni nini? Wapo wanaojibu haraka kwamba mambo ya Mungu hayaulizwi kwa akili, amini tu. Jibu hilo halinitoshi, na sidhani linamtosha kijana aliyeuliza. Leo nitapita kwa maisha ya mtu mmoja aliyetumika kwenye pwani yetu hii, maana yeye aliona akili ikitumiwa vizuri na akaiona ikitumiwa vibaya.

Johannes Rebmann alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alisomea umisheni Basel, kisha Uingereza, na mwaka 1846 akafika Mombasa kumsaidia Ludwig Krapf. Krapf alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga miaka miwili tu kabla ya hapo. Wawili hao wakaanza kazi Rabai, bara kidogo kutoka Mombasa.

Mwaka 1848 Rebmann alisafiri kwa miguu kwenda Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei akaona mlima mkubwa wenye kilele cheupe kinachong'aa. Alipouliza weupe ule ni nini, kiongozi wake alimwambia ni baridi tu. Rebmann alikulia nchi ya theluji, kwa hiyo alijua anachokitazama. Akaketi kusoma Biblia yake, na siku hiyo zamu ilikuwa imefika Zaburi 111, inayofundisha kwamba kazi za Bwana ni kuu, na wanaozipenda huzichunguza. Zingatia hilo, mpendwa: Zaburi yenyewe inatuita tuchunguze.

Habari hiyo ilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Huko London palikuwa na msomi, William Desborough Cooley, aliyeijua Afrika kwa vitabu na hajawahi kuikanyaga. Akaikataa kabisa. Kwake haikuwezekana theluji ikae chini ya jua kali la Afrika, hivyo mmisionari huyo hakuona alichodai kuona. Wengine wakasema labda ni mawe meupe. Ubishi ukaendelea miaka mingi, hata baada ya Krapf naye kuona theluji kwenye Mlima Kenya, Desemba 1849. Mjerumani Karl Klaus von der Decken alipoupanda Kilimanjaro kwa sehemu, 1861 na 1862, ndipo maneno yalipokwisha kwa watu wengi. Cooley mwenyewe hakukubali.

Sasa tazama kosa lilikuwa wapi. Cooley alikuwa na kanuni: nchi ya joto haina theluji. Kanuni hiyo ni kweli hapa Lamu, na ni kweli Mombasa. Lakini ilitoka nchi za chini, naye akaipeleka juu bila kuuliza kama inafika huko. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Kilimanjaro ina mita 5,895. Pwani ikiwa nyuzi 30, kule juu ni chini ya sifuri. Kwa hiyo theluji ile haikuvunja akili. Ilikuwa na sababu yake kamili. Kilichovunjika ni kanuni ya Cooley.

Turudi kwa swali la vijana. Kanuni ya kwamba kila kitu kina chanzo tumeitoa wapi? Tumeitoa kwa vitu vilivyoanza. Jahazi lina fundi, mbao zina mti, mti una mbegu. Vyote hivyo vina siku ya kwanza. Lakini Zaburi 90:2 inamtaja Mungu aliyekuwepo kabla ya milima na kabla ya dunia, tangu milele. Asiyeanza hadaiwi mwanzilishi. Hata majirani zetu Waislamu, tunaotofautiana nao kwa mengi, hapa wanakubaliana nasi: Muumba hakuumbwa.

Nilisomea biashara, kwa hiyo mfano wangu ni wa daftari. Kila shilingi iliyoingia dukani ina maelezo: umeuza, umekopa, umelipwa deni. Ukirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, utafika kwenye mtaji. Mtaji haukutoka kwenye mauzo, kwa sababu bila huo mauzo yasingekuwepo. Mtu akisisitiza aonyeshwe mauzo yaliyoleta mtaji wa kwanza, hajaelewa daftari. Mfano huu una mpaka wake, maana mwenye duka naye alizaliwa na fedha alizitoa mahali. Pia haumthibitishii asiyeamini kwamba Mungu yupo. Unaonyesha tu kwamba kuuliza nani alimuumba Mungu hakufungi kesi.

Lakini tusikimbilie upande wa pili na kusema Mungu yuko nje ya mantiki kabisa. Ikiwa kwake ndiyo na siyo ni kitu kimoja, basi ahadi zake nazo hazina maana. 2 Timotheo 2:13 inafundisha kwamba Mungu hawezi kujikana mwenyewe. Tunamwamini kwa sababu hajipingi.

Sasa sikiliza sehemu ya pili ya maisha ya Rebmann. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari za misafara iliyotoka bara. Wasafiri wa njia ya kusini walisema kuna ziwa kubwa. Wa njia ya kati wakasema ziwa. Wa kaskazini nao, ziwa. Wamisionari wakaunganisha, wakachora bahari moja kubwa sana katikati ya Afrika. Ramani ilitoka mwaka 1856, na ikachangia kuwaleta Burton na Speke, ambao mwaka 1858 walifika Tanganyika, na Speke akaiona Viktoria. Yalikuwa maziwa matatu mbalimbali, pamoja na Nyasa. Kila shahidi alisema kweli, ila jumla ndiyo ilikosewa.

Wapendwa, hesabu hiyo tunaifanya hapa Langoni kila wiki. Injini ya boti imekufa, biashara imelala, mtoto ni mgonjwa. Mambo matatu ya kweli, na sisi tunachora ziwa moja: kuna laana, kuna dhambi iliyofichwa. Nimekaa na mama aliyefiwa na mtoto, na waliokuja kumpa pole wakaanza kumtafutia kosa alilofanya. Mama yule alilia mara mbili, kwanza kwa msiba, kisha kwa hukumu. Na wako wanaochelewesha mgonjwa kufika hospitali wakitafuta kwanza nani amemroga.

Kwa hesabu hiyo, tungesema nini juu ya Rebmann? Mtoto wake alifariki akiwa mchanga. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Waliookoka mikononi mwake walikuwa wachache mno. Macho yake yakapofuka. Alikaa karibu miaka 29 bila kurudi kwao, na mwaka 1875 Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, ndiye aliyemwongoza kurudi Ujerumani. Alifariki Korntal, Oktoba 1876. Je, alilaaniwa? Yesu alipoulizwa juu ya kipofu nani alitenda dhambi, alikataa hesabu hiyo. Juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, aliikataa tena.

Basi tushike mambo mawili wiki hii. Ugonjwa una sababu, itafuteni: pelekeni damu ipimwe, fundi aikague injini, huku mkiomba. Mungu aliyeweka sababu hizo hachukizwi tukizichunguza. Lakini kwa nini Mungu ameruhusu msiba huu kwa mtu huyu, hapo hatujapanda mlima huo. Usimchoree jirani yako ramani ya mahali ambapo hujafika. Keti naye, pika chai, omba naye.

Tuombe: Bwana, tupe akili ya kuchunguza kazi zako, na utuzuie ndimi tusiwahukumu waliofiwa. Katika jina la Yesu, Amina.