Lord Kelvin, kiyoyozi na nyumba ya bibi

Wiki iliyopita fundi alikuja kufunga kiyoyozi katika nyumba ya marehemu bibi yangu, Mji wa Kale, Mombasa. Kabla hajatoboa ukuta, alinishauri tupige plasta ya simiti juu ya chokaa. Nikamwomba angoje. Usiku ule nikamkumbuka mzee mmoja wa Uskoti.

William Thomson, maarufu kwa jina la Lord Kelvin, alizaliwa Belfast mwaka 1824. Mamake alifariki yeye angali mdogo. Babake, mwalimu wa hesabu, akahamia Glasgow na watoto. William aliingia chuo kikuu na miaka 10. Alipofika 22 akawa profesa, na kiti hicho akakikalia miaka 53. Kipimo cha joto cha wanasayansi kina jina lake, na waya wa telegrafu uliopitishwa chini ya Atlantiki mwaka 1866 ulifaulu kwa msaada wake.

Lililonigusa mimi ni la mwaka 1852. Alieleza kwamba mashine yaweza kuchota joto lililo hewani nje, hata siku ya baridi, ikalisukuma ndani ya nyumba. Kwa kuwa joto linabebwa tu, halitengenezwi upya, makaa yatakayotumika ni machache kuliko ya kuchoma jikoni. Ukiigeuza, mashine hiyo hiyo hupoza. Kwa hivyo pampu ya joto ya Ulaya na kiyoyozi chetu ni ndugu: mmoja huingiza joto, mwengine hulitoa.

Kelvin hakuogopa mambo mapya. Mwaka 1881 alitia taa za umeme katika nyumba yake ya chuo. Lakini alifariki mwaka 1907, akazikwa Westminster Abbey, kabla pampu hizo hazijaenea majumbani. Mwaka 1938 ilifungwa moja Zurich, Uswisi, katika jengo la baraza lililokamilika 1698. Ilichota joto kwenye mto Limmat na ikatumika zaidi ya miaka 60, na jengo lile la kale lingali limesimama.

Huko Uingereza, anayetaka pampu katika nyumba ya zamani hushauriwa aanze na paa, madirisha na nyufa, kwani nyumba inayovuja joto huichosha mashine. Hushauriwa pia asizibe kuta za mawe na chokaa, maana zinahitaji kupumua.

Zetu za matumbawe ni vivyo hivyo. Simiti hufungia unyevu ndani, na baadaye ukuta humenyuka. Fundi aliporudi nilimwambia: panapotoka chokaa parudi chokaa, tundu liwe moja, upande wa uani, na maji ya mashine yasitiririke ukutani. Alikubali.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asituvunjie nyumba.